Soksi Isiyo na Mshono

Baba hakujua kwamba mguu wake una kidonda. Mama ndiye aliyekiona, jioni moja ya mwezi wa saba, alipomvua soksi kabla hajapanda kitandani. Njombe mwezi wa saba si mahali pa kulala bila soksi. Asubuhi majani ya bondeni huamka meupe kwa barafu, na mtu akitoka nje kuteka maji pumzi yake humtangulia kama moshi. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imegandia pembeni mwa kidole kidogo. Mama alipoivuta taratibu ikaja na ngozi. Baba alikuwa anasikiliza taarifa ya habari redioni, na wala hakushtuka.

Ana kisukari cha miaka mingi, na ganzi ilimwingia miguuni polepole, kama maji yanavyopanda kwenye ukuta wa udongo. Mimi nilikuwa nimekuja likizo kutoka Dar es Salaam ninakofundisha, kwa hiyo kazi ya kumpeleka kliniki ikawa yangu. Muuguzi aliyetupokea alisafisha kidonda bila kusema mengi. Kisha akaomba ile soksi. Akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye ule ukingo mnene ambapo soksi ya dukani hufungwa mbele ya vidole.

"Mzee," akamwambia baba, "adui yako ni huyu hapa."

Ulikuwa mshono tu. Mtu mwenye miguu mizima angeukanyaga siku nzima, akaona unamkera, akavua kiatu na kuuweka sawa. Baba hakuona kitu cha kumkera. Mshono ukamsugua tangu asubuhi mpaka jioni, na mwili wake haukumpelekea habari.

Tuliondoka na masharti manne. Miguu ikaguliwe kila jioni. Asitembee peku hata ndani ya nyumba. Soksi zisiwe na mshono mnene wala shingo ya kubana. Na ikiwezekana ziwe nyeupe, ili damu ikitoka ionekane.

"Nyeupe?" baba akauliza tulipofika kwenye gari. "Mimi ni mwanafunzi wa darasa la pili?"

*

Mama amefuma masweta ya shule kwa zaidi ya miaka 30. Nimekua nikisikia sindano zake zikigongana usiku, na mpaka leo nikisikia vyuma viwili vidogo vikigusana popote nilipo, nahisi usingizi. Sindano zake za kwanza zilikuwa spoku za baiskeli. Mjomba alizikata kwenye gurudumu bovu, akazinoa kwenye jiwe, na mama akazisugua kwa mafuta ya mgando mpaka zikateleza. Za dukani alizinunua baadaye, lakini spoku hakuzitupa.

Sweta la mama hufumwa vipande vipande. Anafuma mgongo, anafuma kifua, anafuma mikono miwili, kisha anakaa siku nzima kuunganisha. Kila mtoto aliyesoma shule yetu ya msingi alikuwa na mishono miwili ya mama ubavuni. Kwa sweta hilo halina shida, maana chini yake kuna shati. Kwa mguu wa baba ingekuwa kumrudisha kliniki.

"Soksi hazifumwi hivyo," mama akaniambia. "Soksi unazizungusha. Watawa walitufundisha tukiwa wasichana."

Akatoa spoku tano, kila moja imechongoka pande zote mbili. Vitanzi vinagawanywa kwenye nne, zinasimama kama mraba, na ile ya tano inafuma. Ukimaliza vitanzi vya sindano moja, sindano hiyo inabaki tupu, nayo inakwenda kufuma ya jirani. Unazunguka hivyo bila kugeuka, na kitu kinachoning'inia katikati ni bomba. Halina mwanzo wala mwisho ubavuni. Mama alifuma mizunguko mitatu akiongea na mimi, macho yake kwenye sufuria ya maharage.

Mimi nilishindwa. Spoku ziliniteleza, moja ikaanguka chini ya kochi ikiwa tupu, nyingine ikaanguka ikiwa na vitanzi vyake 16. Na pale sindano mbili zilipokutana, uzi ulilegea ukaacha nafasi wima zinazofanana na ngazi. Mama aliitazama kazi yangu, akasema kwa upole kwamba kuku angeweza kupita.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nikishindwa jambo, huwa naenda kutafuta waliolishindwa kabla yangu. Usiku ule, baba akiwa amelala na mguu wake juu ya mto, nilianza kusoma habari za soksi.

*

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna soksi ya mguu wa kushoto wa mtoto. Ilitoka Antinoupolis, mji wa kale kando ya mto Nile nchini Misri, na ilikutwa kwenye jalala. Umri wake unakadiriwa kuwa karibu miaka 1,700. Ina mistari ya rangi nyingi, na mbele imegawanyika: kidole gumba kina chumba chake na vidole vingine vina chao, ili kamba ya kandambili ipite katikati. Mwaka 2018 wataalamu wa jumba hilo waliipiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali, wakagundua kwamba rangi zote zile zilipatikana kwa mimea mitatu tu, mmoja wa rangi nyekundu, mmoja wa buluu na mmoja wa njano, zikichanganywa kwa ustadi.

Soksi ile haikufumwa kama mama anavyofuma. Aliyeitengeneza alikuwa na sindano moja yenye tundu, kama ya kushonea, na uzi uliokatwa vipande vifupi. Kila kitanzi alikipitisha uzi mzima ndani yake. Kazi hiyo ni ya polepole kuliko kufuma, lakini ina sifa moja: inazunguka yenyewe, na vidole vinafunikwa bila kushonwa. Mtu wa Antinoupolis alikuwa na mtoto ambaye hakutaka miguu yake ipate baridi, na alijua kwamba soksi nzuri huanza kwa mzunguko.

Misri hiyohiyo ndiyo inayotupa soksi za kwanza zilizofumwa kwa sindano ndefu zisizo na tundu, yaani ufumaji tunaoujua leo. Ni za enzi za Kiislamu, kati ya karne ya 11 na ya 13 hivi. Ni za pamba, nyeupe na buluu, zenye michoro midogo iliyopangwa safu kwa safu. Baadhi zina mapambo yanayofuata umbo la maandishi ya Kiarabu. Zilifumwa kwa mzunguko, tena zilianzia vidoleni zikapanda juu. Kisigino kilifanywa mwisho, kikaunganishwa na vitanzi vilivyokuwa vimeachwa kwa ajili yake.

Hapo nilisimama, nikasoma tena. Kisigino ndicho kinachochakaa kwanza. Mfumaji aliyekiacha mpaka mwisho alikuwa amejiwekea mlango wa nyuma: kikitoboka, unakifumua peke yake, unafuma kingine, na soksi yote inaendelea kuishi. Zaidi ya miaka 800 iliyopita kulikuwa na mtu anayefikiria ukarabati kabla hata soksi haijavaliwa.

*

Kutoka Misri ufumaji ulivuka bahari, ukaenea Ulaya. Karibu mwaka 1400 mchoraji Mjerumani aliyejulikana kama Meister Bertram, au warsha yake, alichora altare kwa ajili ya watawa wa Buxtehude. Leo ipo kwenye jumba la sanaa la Hamburg. Katika paneli mojawapo Bikira Maria ameketi, anafuma nguo ndogo yenye rangi nyekundu. Sindano zinaonekana wazi shingoni mwa nguo, zimesimama kama spoku za mama, na kikapu cha uzi kipo karibu. Mtoto Yesu yuko chini, amegeuka kuwatazama malaika wanaobeba msalaba na misumari. Nguo ile ni kanzu isiyokuwa na mshono inayotajwa katika Injili ya Yohane, ile ambayo askari waliipigia kura kwa sababu hawakutaka kuipasua.

Nilimwonyesha mama picha hiyo kwenye simu. Aliikuza kwa vidole viwili, akaacha malaika, akaenda moja kwa moja kwenye sindano.

"Anaokota vitanzi vya shingo," akasema. "Huyu mchoraji alikuwa na mama anayefuma."

Mshono ulirudi kupitia mashine. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee, wa Calverton katika Nottinghamshire, alibuni fremu ya kufumia soksi ndefu. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hataza kwa kuhofia wafumaji wa mkono wangepoteza riziki. Lee alikwenda kutafuta bahati yake Ufaransa, akafia huko. Fremu yake ilikuwa na sindano nyingi zilizopangwa kwa safu iliyonyooka, hivyo ilifuma safu nzima kwa mara moja. Kasi ilikuwa ya ajabu. Lakini kilichotoka kilikuwa kipande bapa, kilichopunguzwa na kuongezwa kufuata umbo la mguu, halafu kikashonwa nyuma. Ule mstari unaopanda nyuma ya soksi ndefu za kike za zamani, ambao baadaye ukaonekana kuwa urembo, ulianza kama kovu la mashine isiyoweza kuzunguka.

Kila mwaka nawafundisha wanafunzi wangu Mapinduzi ya Viwanda. Tunafika kwa wale wafanyakazi wa Uingereza walioitwa Luddites, naandika ubaoni kwamba walivunja mashine, kengele inalia. Sikuwa nimewahi kuwaambia mashine zile zilikuwa za nini. Nottinghamshire mwaka 1811, nyingi zilikuwa fremu za kufumia soksi. Waliozivunja walikuwa wenyewe mafundi wa fremu, na fremu ilikuwapo kwa zaidi ya miaka 200. Hawakuwa watu wanaoogopa kitu kigeni. Kati ya malalamiko yao, pamoja na ujira mdogo na vibarua wasiofunzwa, lilikuwamo hili: wenye mali walitumia fremu pana kufuma kitambaa kikubwa, wakakikata kwa mkasi kama kanga, wakakishona kuwa soksi. Kitambaa cha kufuma kikikatwa, vitanzi vyake vinaachiana. Mshono ukilegea, soksi yote inafumuka. Bidhaa hiyo ilikuwa rahisi, ikaharibu bei na jina la mafundi wote.

Bunge lilijibu mwaka 1812 kwa sheria ya kumnyonga anayevunja fremu. Mshairi Byron, akiwa kijana katika Baraza la Malord, alisimama kuipinga, na ikapita vilevile.

Sasa nikifundisha somo hilo nafikiria mafundi wale wakiishika soksi ya mkasi, wakiigeuza ndani nje, wakipitisha kidole gumba kwenye mshono.

*

Vita Kuu ya Kwanza ilirudisha sindano mikononi mwa kila mtu. Mwaka 1914 Malkia Mary wa Uingereza aliwaomba wanawake wa nchi yake jozi 300,000 za soksi kwa ajili ya askari, kwa ombi la Lord Kitchener, waziri wa vita. Kule kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji askari walisimama ndani ya maji na tope kwa siku nyingi, na miguu yao ikavimba, ikafa ganzi, ikaoza. Dawa kubwa ilikuwa kukausha miguu, kuipaka mafuta na kubadili soksi. Wanawake walifuma kwenye treni, kanisani, kwenye kumbi za tamthilia. Watoto wa shule nao walifundishwa.

Inasimuliwa kwamba askari walilalamikia mshono wa vidoleni, na kwamba Kitchener alilisimamia jambo hilo mwenyewe, soksi zikaanza kufungwa kwa namna nyingine. Vitanzi vya juu na vya chini vinawekwa sambamba kwenye sindano mbili, na uzi unapitishwa kwa sindano ya kushonea ukiiga njia ambayo ungepita kama ungefumwa. Ukimaliza, hakuna anayeweza kuonyesha pale palipounganishwa. Mbinu yenyewe ilikuwapo kabla yake, na hadithi hiyo huenda ikawa imepambwa. Hata hivyo, mpaka leo wafumaji wanaozungumza Kiingereza huiita kwa jina lake.

Nilikuwa nasoma haya Njombe, kwenye nyumba ambayo vita hiyohiyo ilipita mlangoni pake. Baba wa babu yangu alikuwa mpagazi. Katika ukoo wetu inasemwa kwamba alibebeshwa mizigo kwanza na Wajerumani, na Wajerumani walipoondoka Waingereza wakamkuta yupo, wakambebesha ya kwao. Alirudi akiwa na vidole vichache kuliko alivyoondoka navyo. Funza walivila.

Katika vita vya Afrika Mashariki wapagazi waliotumiwa na upande wa Waingereza peke yao wanahesabiwa kufika milioni moja. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu laki moja walikufa, wengi wao kwa magonjwa, njaa na uchovu. Walitembea peku. Hata askari wa King's African Rifles, waliokuwa na bunduki na sare, walipiga mwendo peku. Funza, kijidudu kinachoingia chini ya kucha, kiliwalemaza watu wengi. Hakuna malkia aliyeomba soksi kwa ajili yao. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na midomo ya watu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo huku Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi.

Baba alinisikiliza nikimweleza hadithi ya Kitchener na mshono wa vidoleni. Alikaa kimya muda.

"Kwa hiyo mzee wetu alikuwa jeshi moja na hao wa soksi?"

"Jeshi moja, baba."

"Haya," akasema, akauangalia mguu wake wenye bandeji.

*

Uzi niliununua Kariakoo. Nilirudi Dar mwisho wa likizo na vipimo vya miguu ya baba vimeandikwa nyuma ya kadi ya kliniki: urefu wa wayo, mzunguko pale palipo panana, mzunguko wa kifundo. Katika maduka mengi ya nyuzi utapata akriliki. Ni nzuri kwa vitambaa vya makochi na kofia za watoto, lakini mguu hutoka jasho ndani yake na jasho halina pa kwenda. Nilizunguka mpaka nikapata mafundo machache ya uzi wa sufu uliochanganywa na nailoni kidogo. Sufu ya kondoo inanyonya unyevu na inavutika. Nailoni inaipa nguvu ya kuhimili kiatu.

Muuzaji, kijana mwenye kofia ya mpira, aliniuliza nafuma nini. Nikamwambia soksi, na kwamba sindano nne zimenishinda. Akainama chini ya meza, akanitolea pakiti iliyojaa vumbi. Ndani mlikuwa na sindano mbili fupi, urefu wa kalamu, zimeunganishwa kwa waya mwembamba wa plastiki unaopinda kama mkia.

"Hii ya duara," akasema. "Watu hawaijui. Chukua kwa bei ya kutupa."

Sindano ya duara ilianza kusajiliwa kama ubunifu mwanzoni mwa karne ya 20. Za kwanza zilikuwa na waya wa chuma, mgumu, na pale chuma kilipokutana na sindano uzi ulikwama na kuchanika. Plastiki laini ndiyo iliyozifanya zipendwe. Mtu aliyezipigia debe kuliko wote alikuwa Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1910 na kuhamia Marekani, akaishi Wisconsin. Katika kitabu chake cha mwaka 1971, Knitting Without Tears, alihimiza watu wafume masweta kwa mzunguko na waachane na kushona vipande. Alikuwa na ulimi wa mzaha, na hakuwapa wasomaji wake sheria. Aliwaambia wafikiri.

Lakini soksi ilibaki tatizo. Bomba la sweta ni pana, linaenea kwenye waya mzima. Bomba la soksi ni dogo, waya unalizidi. Mwaka 2001 Mmarekani Cat Bordhi alichapisha kitabu cha kufuma soksi kwa sindano mbili za duara: nusu ya vitanzi kwenye moja, nusu kwenye nyingine. Mwaka uliofuata kikatoka kijitabu cha Bev Galeskas kilichoeleza wazo la Sarah Hauschka, nalo linahitaji sindano moja tu yenye waya mrefu.

Nitalieleza, kwa sababu ndilo lililoniokoa. Chukua sindano ya duara yenye urefu wa sentimita 80 au zaidi. Weka vitanzi vyako vyote, kwa mfano 64. Hesabu 32, kisha vuta waya katikati yao mpaka utoke kitanzi kikubwa cha plastiki pembeni. Sasa una safu mbili zinazotazamana kama mistari miwili ya wanafunzi gwarideni. Safu ya mbele ipo kwenye ncha moja, ya nyuma inapumzika kwenye waya. Unafuma ya mbele, unageuza kazi, unavuta waya, unafuma iliyokuwa nyuma. Hakuna sindano ya kuanguka chini ya kochi. Zile ngazi zilizonitesa zinaweza kutokea sehemu mbili tu badala ya nne, na ukikaza kitanzi cha kwanza na cha pili baada ya kugeuza, zinapotea.

Usiku wa kwanza nilifuma mpaka saa sita, nikashangaa nilipoona bomba dogo, zima, likining'inia mikononi mwangu.

*

Mtu akishajua kufuma soksi anakuwa na misimamo. Nilidhani ni majivuno ya wafumaji, mpaka nikapata ya kwangu.

Mama anaanzia juu, kwenye shingo, anashuka. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na kisigino chake huanza na kibapa kinene kinachovumilia kiatu miaka mingi. Mimi naanzia vidoleni kama wale wafumaji wa Misri. Mwaka 2006 Mmarekani Judy Becker alichapisha njia ya kuanzisha vitanzi kwenye ncha zote mbili za sindano ya duara kwa pamoja, vikitazamana, na kati yao hakuna mstari. Vidole vinafungwa kabla ya kitu kingine chochote. Ndani ukipitisha kidole gumba, hakikwami.

Sababu ya pili ni kwamba naweza kumvisha baba soksi ikiwa bado kwenye sindano. Nilipokwenda Njombe mwezi wa kumi na mbili, nilimvisha soksi iliyofika kwenye unyayo. Mama alizishika ncha mbili za sindano kwa viganja vyake ili zisimguse, kama anashika nyoka. Tukaona kwamba inabana juu ya wayo. Nikafumua mizunguko 12 nikaongeza vitanzi 4. Spoku zisingeturuhusu hilo.

Kisigino nakiacha mpaka mwisho. Nikifika pale kinapotakiwa kukaa, nafuma nusu ya vitanzi kwa uzi wa rangi nyingine, kisha nashika tena uzi wangu na kuendelea kupanda juu kama hakuna kilichotokea. Soksi ikiisha nauchomoa ule uzi mgeni, mdomo unafunguka, naokota vitanzi vya juu na vya chini na kufuma kisigino kwa mzunguko. Baba anaburuza miguu, visigino vyake havikai mwaka.

Shida ni kwamba kisigino cha namna hiyo kinakwisha na safu mbili zilizo wazi, na lazima zifungwe. Zikishonwa kawaida, mshono umerudi. Kwa hiyo mwalimu wa historia aliketi kwenye ngazi za jikoni Njombe, akajifunza kuunga vitanzi kwa njia ya Kitchener. Nilikosea mara tatu. Mara ya nne uzi ulipita njia yake, nikauvuta kidogokidogo, na pengo likajifunga. Niliwaza jinsi jina la waziri yule lilivyozunguka kwa zaidi ya miaka 100 mpaka likafika kwenye kisigino cha kitukuu wa familia ya mpagazi. Sikujua kama nicheke. Nikakata uzi.

Lililobaki lilikuwa rangi. Baba hakutetereka: soksi nyeupe ni za watoto wa shule na wachezaji wa mpira. Mzee wa kanisa haingii ibadani na soksi nyeupe. Nilimkumbusha maneno ya muuguzi. Akaniambia muuguzi yule hajawahi kusimama mbele ya usharika.

Mama alimaliza ugomvi bila kuinua macho kwenye sweta lake.

"Kiatu kinafika wapi?"

Kiatu kinafika chini ya kifundo. Kwa hiyo soksi za baba ni nyeupe tangu vidoleni mpaka pale kiatu kinapoishia, na kuanzia hapo ni nyeusi. Akivaa suruali na viatu, usharika wote unaona mzee mwenye soksi nyeusi. Akivua, damu haina pa kujificha. Shingo niliifunga kwa sindano nene zaidi, vitanzi vikiwa vimelegea, na zinasimama bila kubana.

Alizivaa kwanza Jumapili ya mwisho ya mwaka. Alizitazama akiwa amekaa kitandani, akainua mguu mmoja, akaugeuza kama anayenunua mahindi.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita akiwa ameridhika, "hizi sizisikii kabisa."

Tuliangaliana na mama. Baba hasikii soksi yoyote, na anajua kwamba tunajua.

Kidonda chake kilichukua miezi kupona, na mguuni pamebaki alama nyeusi. Nimemfumia jozi tano sasa, mbili nimeshazibadilisha visigino. Kila jioni mama anamvua soksi, anaangalia nyayo kwa mwanga wa simu, kidole kwa kidole. Kisha anaigeuza soksi ndani nje na kupitisha kidole gumba pote, polepole, kuanzia vidoleni.

Juzi alinipigia simu usiku. Kisigino cha kushoto kimeanza kuwa chembamba, akasema, nilete uzi.